Jicho la punda limegeuka jeupe baada ya matone ya mtoto

Assalam alaikum mshauri,

Nina punda wawili hapa Langoni, Lamu. Kazi yao ni kubeba mchanga, matumbawe na simiti kutoka gatini hadi kwenye majengo ya ndani ya mitaa. Huyu jike, wa miaka kama sita, Jumatatu ya juma lililopita alirudi kazini jicho la kushoto linachuruzika machozi naye amelifumba. Siku ile walikuwa wamebeba makuti kupitia vichochoro. Nikasema ni vumbi, nikamuosha kwa maji ya bomba.

Siku ya tatu bado. Nikachukua matone yaliyobaki nyumbani, aliyoandikiwa mwanangu alipougua macho mekundu, nikamtia mara tatu kwa siku. Siku mbili za mwanzo wekundu ulipungua, akafumbua kidogo, nikashukuru Mungu. Siku ya tatu ya dawa mambo yakageuka. Sasa jicho zima lina ukungu wa buluu, katikati pana doa la kijivu kama punje ya choroko, tongo ni la manjano, na ile nyama ya pembeni karibu na pua imetokeza.

Kila mtu ana lake. Jirani ataka tuikate ile nyama. Mwingine asema nimpulizie sukari iliyosagwa. Mama mkwe asema ni kijicho cha watu, nimvishe hirizi. Mzee mmoja aliyefuga punda miaka mingi asema ni yale maradhi ya macho yanayokwenda na kurudi, na kwamba aliwahi kuona punda akiponywa kwa matone ya aina hii hii, basi niendelee. Boksi lina majina mawili, dexamethasone na neomycin.

Niendelee? Ameshakuwa chongo? Na mzigo mwepesi aweza kubeba? Riziki yangu iko mgongoni mwake.

Mwenye punda, Langoni

JIBU

Wa alaikum salaam, ndugu yetu.

Acha matone hayo leo. Usitie hata tone moja zaidi, usiseme umalizie chupa. Kisha mpeleke punda kwa daktari wa mifugo leo hii, usingoje kesho. Kliniki ya punda iko hapo hapo mjini Lamu, imekuwa ikitibu punda wa kisiwa tangu 1987, wala si mwendo mrefu kutoka Langoni. Ukifika, sema maneno matatu kabla ya yote: makuti, siku ngapi, na jina la dawa uliyotia. Hayo yatamwokolea daktari muda mwingi.

Sababu ni hii. Dexamethasone ni steroidi. Wekundu wa jicho ni damu ambayo mwili umeipeleka pale palipoumia. Steroidi huizuia kazi hiyo, ndiyo maana siku mbili za mwanzo ulidhani anapona. Kumbe kidonda kilikuwa kinachimba kimya kimya. Kwenye konea, kile kioo cha mbele ya jicho, steroidi hufanya mabaya matatu kwa pamoja: huchelewesha ngozi mpya kufunika kidonda, huwafungulia njia bakteria na kuvu, na huvipa nguvu vimeng'enya vinavyoyeyusha nyama ya konea. Na konea nzima ya punda haizidi unene wa milimita moja. Hapo pa kuchimba si pengi.

Hiyo neomycin iliyoandikwa pembeni yake hupigana na baadhi ya bakteria tu. Kwa kuvu haifanyi kitu. Nasi tunaishi mahali pa joto na unyevu, na jicho lililokwaruzwa na kitu cha mmea, iwe kuti, nyasi au kijiti, ndilo hasa linaloingia kuvu. Doa la kijivu, tongo la manjano, makuti, steroidi: vinne hivi vikikutana, daktari atafikiria kuvu mapema, na huenda akakwangua kidogo ukingo wa kidonda atazame kwa hadubini.

Jifunze kusoma boksi, maana dawa hizi zimejaa majumbani. Jina lolote linaloishia na herufi s-o-n-e au s-o-l-o-n-e (dexamethasone, betamethasone, hydrocortisone, prednisolone) ni steroidi. Haliingii kwenye jicho la punda linalouma mpaka jicho lipimwe kwa rangi.

Rangi yenyewe huitwa fluoresini. Ni kipande kidogo cha karatasi chenye rangi ya chungwa. Daktari hukilowesha kwa tone la maji ya chumvi, akakigusisha ndani ya kope ya chini, akasubiri punda apepese, akasafisha ziada. Konea isiyo na kidonda haishiki rangi. Palipochubuka hubaki kijani kinachong'aa, hasa kwa taa ya buluu penye kivuli. Umwombe akuonyeshe, utaelewa zaidi kuliko maneno yetu. Kama utaona duara la kijani lenye kitobo cheusi kisichoshika rangi katikati, usifurahi kwamba katikati pamepona. Hapo kidonda kimefika utando wa mwisho, na utando huo haushiki rangi. Jicho la namna hiyo linaweza kupasuka kwa kujisugua ukutani mara moja tu.

Sasa huyo mzee wako. Hakukosea kabisa, na hapa ndipo watu wengi wanapojikwaa. Kweli yako maradhi ya ndani ya jicho yanayokwenda na kurudi; kwa farasi ndiyo yanayoongoza kuwapofusha duniani, na Waingereza wa zamani waliyapa jina la mwezi wakidhani yanafuata kuandama kwake. Punda pia huyapata. Jicho huwa jekundu, lina machozi, limefumbwa, lina ukungu wa buluu, na mboni imejibana ikawa ufito mwembamba. Dawa yake ndiyo steroidi, na mara nyingi hutiwa kila baada ya saa chache. Kwa hiyo punda aliyemwona mzee aliweza kupona kwa matone yale yale yanayomuangamiza wa kwako. Maradhi mawili, sura moja, dawa ya mmoja ni sumu ya mwenzake. Ukiwatazama kwa macho matupu utabahatisha, kwa sababu hata kidonda cha konea huifanya mboni ijibane. Kinachotenganisha ni ile karatasi ya rangi.

Mpaka umfikishe, na siku zitakazofuata, fanya hivi.

Kabla ya kumgusa, simama mbele yake penye kivuli utazame kope za juu za macho mawili. Nywele za kope za jicho zima hutokeza mbele, zimelala kama ukingo wa baraza; za jicho linalouma huinama chini. Punda ni fundi wa kuficha maumivu, atakula na atatembea, lakini kope hizo hawezi kuzizuia. Tazama hivyo kila asubuhi kabla ya dawa. Siku kope zitakapoanza kuinuka, ujue maumivu yanapungua. Zikishuka tena, rudi kliniki hata kama miadi ni ya juma lijalo.

Kusafisha ni kwa maji ya chumvi, wala si ya bomba. Ukipata duka la dawa linalouza chupa ya dripu ya chumvi ya asilimia 0.9, nunua ya mililita 500, ndiyo bora. La, chemsha lita moja ya maji ya mvua ya jabia, tia chumvi safi kijiko cha chai kimoja na nusu, kilichosawazishwa juu, funika, acha yapoe kabisa. Yatumie siku hiyo hiyo, kesho uchemshe mengine. Ng'oa sindano kwenye bomba la sindano la mililita 20 uitupe mahali salama, kisha rusha maji taratibu kutoka kona ya puani kwenda nje, mpaka tongo lote litoke. Futa nje ya kope kwa pamba iliyoloweshwa, kila mfuto pamba mpya, wala usifute jicho zima kwa pamba iliyotoka kwenye jicho bovu. Usiingize kidole wala ncha ya kitambaa kutafuta taka. Kama kuna kibanzi kimeng'ang'ania kwenye kioo, kiache, kitolewe na daktari baada ya ganzi.

Malhamu ya macho ya tetrasaiklini ya asilimia 1 ndiyo unayoweza kuanza nayo endapo kuna sababu ya kweli ya kuchelewa kufika kliniki. Soma boksi uhakikishe imo tetrasaiklini peke yake. Lakini tazama kwanza: ukiona mboni imepinda, au kitu cheusi au cha kahawia kimechomoza katikati ya doa, au maji yamechuruzika ghafla na jicho likanywea, usitie malhamu yoyote wala usikaze kope. Hapo jicho limetoboka, na mafuta ya malhamu hayatakiwi ndani. Mfunike kivuli, mzuie asijisugue, mpeleke.

Kumtia malhamu punda mwenye maumivu si kazi ya mtu mmoja. Mmoja ashike hatamu karibu na kidevu, amgeuze kichwa kidogo upande wa jicho bovu ili asirudi nyuma. Msimkamate sikio mkalipinda. Mkifanya hivyo leo, kesho hamtalikaribia jicho. Wewe nawa mikono, egemeza kiganja chako kwenye taya lake ili kichwa kikitikisika mkono uende nacho, na huo ndio utakaokuokoa na kumchoma jicho kwa ncha ya tyubu. Vuta kope ya chini, weka utepe wa malhamu wa kama sentimita moja ndani ya mfuko wake, achia apepese. Ncha isiguse chochote. Ikigusa, ifute na utupe kipande cha kwanza cha malhamu. Kila baada ya saa 6 ndiyo kipimo cha kidonda cha kawaida. Chako si cha kawaida tena, kwa hiyo usishangae ukiambiwa kila baada ya saa 2 usiku na mchana, tena kwa dawa mbili au tatu, kwa kupishanisha dakika 5 hadi 10 ili moja isiisukume nyenziwe nje. Ndiyo maana madaktari wengine hupitisha mpira mwembamba chini ya kope ya juu, ukashonwa na kufungwa kwenye nywele za shingo. Dawa yasukumwa kutoka huko shingoni, jicho haliguswi kabisa. Ukipewa nafasi hiyo, ikubali. Siku ya nne ya kupigana na kichwa cha punda utaelewa kwa nini.

Huenda pia ukapewa atropini. Hii huipanua mboni iliyojibana, maumivu yakapungua, na pazia la ndani linaloizunguka mboni lisigande kwenye lenzi. Mambo mawili akitiwa: mboni iliyopanuka haivumilii jua, kwa hiyo kivulini kutwa nzima, na atropini ikizidi hulegeza matumbo yakasimama. Hesabu mavi yake. Yakipungua, au akaanza kujitazama ubavu na kulala na kuinuka, simamisha atropini na umpigie daktari saa hiyo hiyo, huo ni msokoto. Kipimo ni chake daktari, usiongeze kwa sababu umeona yafaa. Dawa ya maumivu vilevile aitoe yeye. Vidonge vya binadamu vya diklofenaki na aibuprofeni viweke mbali na punda.

Tuje kwa majirani. Sukari hukwaruza jicho lililochubuka tayari na huwaita nzi. Ndimu, tumbaku na mkaa, ambavyo bado hamjaambiwa ila mtaambiwa, ni vivyo hivyo. Hirizi haina ubaya na jicho mradi uzi usipite usoni.

Nyama ya pembeni usiikate. Narudia, usiikate. Si uvimbe ule, ni kope ya tatu, ambayo kila punda anayo. Imetokeza kwa sababu jicho linauma, likavutwa ndani ya fuvu, nayo ikasukumwa nje kulinda kioo. Ndiyo inayopangusa konea na kutengeneza sehemu ya machozi. Ukiikata umemuondolea mlinzi wakati anapomuhitaji, na jicho litabaki kavu na lenye vumbi maisha yake yote. Jicho likipona, itarudi yenyewe.

Ila kuna hali moja ambayo kope ya tatu yatisha kuliko kidonda chochote. Ikiwa inafunika macho yote mawili, tena inaruka ghafla ukimgonga chini ya kidevu au ukipiga makofi, na punda anatembea mkakamavu kama meza, mkia umeinuka, taya zimekaza, hayo si maradhi ya macho. Ni pepopunda, na maradhi hayo hayakupewa jina la mnyama huyu bure. Angalia vidonda vya mgongoni na kwato, na uliza kama amechanjwa.

Kuhusu nzi, na hasa kwa huyo wa pili ambaye bado mzima. Nzi hawatui kwenye jicho kwa bahati mbaya. Hunywa machozi, na hubeba uchafu kutoka jicho hadi jicho. Wako pia minyoo wa tumboni mwa punda ambao viluwiluwi vyao husafiri ndani ya nzi vikaachwa kwenye kona yenye unyevu. Hapo huota kinundu chekundu chenye punje ngumu za manjano, karibu ukubwa wa chenga za mchele, ambacho hakiponi kwa malhamu yoyote. Dawa yake hunyweshwa mdomoni, ni aivamektini, miligramu 0.2 kwa kila kilo ya uzito. Mpime kwa utepe wa kifua badala ya kukisia. Nayo ile ya sindano ya ng'ombe usimdunge. Samadi iondolewe kila siku; kwa joto letu yai la nzi huwa nzi kamili ndani ya siku 7 hadi 10, ukiacha juma moja umewafuga. Mtengenezee pazia la nyuzi za kitambaa za sentimita 15 zinazoning'inia kwenye mkanda wa paji la uso. Usilifunge jicho kwa kitambaa. Chini yake huwa joto na unyevu, tongo likaganda, na wewe hutaona kinachoendelea.

Kwa kuwa unabeba simiti, na Lamu chokaa bado ni kazi ya kila siku ya ujenzi, shika na hili. Chokaa au simiti ikiingia jichoni, ni moto unaoendelea kuchoma ndani kwa ndani hata baada ya punda kutulia. Hapo usitafute maji ya chumvi, tumia maji safi yoyote yaliyo karibu, palepale barabarani. Mwagia mfululizo kwa dakika 30, inua kope zote mbili upate kutoa punje zilizojificha chini yake, ndipo uende kliniki. Usitie ndimu wala siki ati ikatae chokaa. Mifuko ipakiwe ikiwa imefungwa mdomo, na mwenye kupakia asiitupe kutoka juu wakati kichwa cha punda kimegeukia upande huo.

Makuti nayo yafunge ncha zikielekea nyuma, zisipite mbele ya bega. Katika vichochoro vya upana wa mikono miwili punda hana pa kukwepesha uso, na ukuta wa matumbawe uliobanduka lipu ni msasa. Hatamu yenye fundo au bizimu kwenye shavu ishushe vidole viwili chini ya jicho. Na mwanafunzi wako, ukiwa naye, asimpige kichwani.

Umeuliza kama ameshakuwa chongo. Kwa doa la ukubwa huo bado kuna tamaa. Kidonda kisicho na maambukizi hufunga ndani ya siku 5 hadi 7. Chako kitachukua majuma, na kikipona kitaacha chamba cheupe. Chamba cha pembeni hakimsumbui sana. Cha katikati hupunguza mwanga, lakini hufifia mwaka hadi mwaka. Ukingo wa doa ukianza kulainika kama ute wa yai au kuning'inia, konea inayeyuka, na hapo hesabu ni ya saa. Ikiwa daktari atasema jicho haliokoleki na ashauri litolewe, usione ni ukatili. Jicho bovu linalouma kila siku ndilo linalomkondesha; likitolewa na jeraha likapona, punda wengi hurudi kazini wakifanya kama kawaida.

Mzigo, hapana. Hata mwepesi. Kamba ikimkaza shingo, au akiinamisha kichwa kupanda ngazi na mzigo, msukumo ndani ya jicho huongezeka, na jua na vumbi vya njiani hurudisha ulichosafisha asubuhi. Apumzike mpaka daktari ampime tena kwa rangi na isishike popote, kisha siku chache zaidi. Mwenziwe usimbebeshe mizigo ya wawili. Punguza safari au umkodi punda wa jirani, ila mwache alale karibu naye, maana punda akitengwa na mwenziwe huacha kula.

Akibaki na jicho moja, mwongoze ukiwa upande wa kushoto, ule asiouona, ili wewe uwe kati yake na ukuta. Mwite kabla ya kumgusa. Kwenye vichochoro vya kukutana na punda mwingine, msimamishe upande wa jicho zima ukiwa wazi, mwenzake apite.